Pindua meza kwanza: kuchagua vimeza vya kale vya sebuleni

Swali: "Shikamoo fundi. Naishi Tanga, tumehamia nyumba yetu wenyewe na sebule si kubwa, kama mita nne kwa tano. Tuna kochi la watu watatu na viti viwili. Mama mkwe amenipa kimeza cha zamani cha mninga chenye droo moja, mguu mmoja unacheza. Natafuta kingine cha kale cha kuweka upande wa pili wa kochi. Nimeona vya kuchongwa Mombasa na Zanzibar, na kila muuzaji anasema chake kina miaka mia. Nitajuaje? Ni lazima vifanane? Halafu kaka yangu yuko Muscat, anataka nimtafutie kimoja chenye njumu. Kuna shida kukisafirisha?"

Marahaba dada yangu, na hongereni kwa nyumba. Nitajibu yote, ila si kwa mpangilio ulioulizia, kwa sababu naona jambo kubwa limo kwenye kile kimeza cha mama mkwe ulichokitaja kwa kupita tu.

Kimeza cha mninga chenye droo, kazi ya fundi wa mjini, ndicho hasa ninachowahimiza watu wakitafute. Miji ya Waswahili haikuwa na desturi ya kuweka meza ndogo pembeni mwa viti. Kwenye nyumba za mawe za Lamu vyombo vya kauri vilipangwa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, watu walikaa juu ya mikeka na vitanda, mgeni wa heshima alipewa kiti cha enzi, na chakula kililetwa kwenye sinia. Kochi refu lenye meza kila upande limeenea kwetu karne ya 20, pamoja na taa ya umeme ya mezani. Kwa hiyo muuzaji akikuambia stuli yake ya kuchongwa ni ya Kiswahili na ina miaka 150, muulize ilikuwa na kazi gani katika nyumba ilikotoka. Anayeijua mali yake atakuwa na jibu, na jibu lenyewe mara nyingi ni zuri kulisikiliza.

Vitu vidogo vya kale vinavyopatikana kweli Mji Mkongwe, Mombasa na Lamu vilikuwa na kazi nyingine kabla ya kuwa meza za pembeni. Kuna vigoda vya kukunja vya mti wa shishamu kutoka India, vilivyobebeshwa sinia la shaba; nakshi nzito ya majani na mizabibu ni kazi inayojulikana ya Saharanpur, na vile vilivyotiwa vipande vyeupe vya mfupa au pembe ya ndovu ni vya namna ya Hoshiarpur. Kuna meza za duara zenye uso wa marumaru kutoka nyumba za matajiri na maduka. Kuna masanduku yenye njumu (mapambo ya shaba yaliyotiwa kwenye mbao), madogo yake yakitosha kabisa kubeba taa na kikombe. Kuna meza za mguu mmoja unaogawanyika chini kuwa vikucha vitatu, mtindo wa Waingereza tangu karne ya 18, zilizoletwa au kuigwa huku. Kisha kuna kundi ambalo wauzaji wa watalii hawalisifu: samani za mvule, mninga na msaji zilizotengenezwa na mafundi wa Kihindi, wa Kiswahili na wa bara kwa ajili ya ofisi, shule, misheni na nyumba za watumishi, pamoja na zile nzito za idara ya ujenzi ya serikali ya kikoloni iliyoitwa PWD. Hizi ni za miaka ya 1920 mpaka 1960 na kitu hivi. Hazina nakshi. Mbao yake, hata hivyo, ni ya miti mikubwa iliyokomaa ambayo leo huipati kirahisi, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuzighushi. Kwa sebule ya kukaliwa na familia, mimi nachagua hizi kabla ya chochote chenye maua.

Sasa namna ya kujua. Ukifika dukani usianze na uso wa meza. Omba ruhusa, toa droo, pindua meza miguu juu, itazame juani au kwa tochi ya simu. Uso husuguliwa, hupakwa, hung'arishwa. Chini hakuna anayehangaika napo. Mbao iliyokaa miaka mingi bila rangi huwa kavu, imefifia, vumbi limeingia kwenye nyuzi zake, na weusi wake haulingani. Kingo zilizofikiwa na hewa na vidole ni nyeusi zaidi, na pale ndani kwenye pembe, nyuma ya kiungo, mbao inabaki na rangi changa. Iliyozeeshwa makusudi ina weusi ule ule kila mahali, hata sehemu iliyofunikwa na droo ambako mwanga haukuwahi kufika. Inuse pia. Rangi ya mbao na kiwi ya viatu huacha harufu inayokaa muda mrefu, hasa ndani ya droo iliyofungwa.

Halafu tazama miguu, sentimita tatu au nne za mwisho kutoka sakafuni. Nyumba zetu hudekiwa kwa maji. Meza iliyosimama kwenye sakafu ya saruji miaka hamsini imelowa na kukauka mara zisizohesabika, na nyuzi za chini ya miguu hufunguka, hupauka, nyingine hukatika ukizigusa kwa ukucha. Pembe za chini zinakuwa zimelika kwa kuburutwa, na hazikuliki sawa: mguu mmoja zaidi ya mwingine. Nimeona meza nyingi za "kale" zilizotobolewa matundu, zikapigwa minyororo na kupakwa chai, huku nyayo za miguu yake zikiwa zimekatwa jana kwa msumeno wa umeme. Mahali hapa mghushi hupasahau.

Kama uso ni wa duara, chukua tepu. Mbao husinyaa kuvuka nyuzi zake, wala haisinyai kwa maana yoyote kufuata urefu wa nyuzi. Kwa hiyo uso wa duara wa mbao nzima uliokaa miongo mingi si duara tena. Pima kufuata nyuzi, kisha pima kuzivuka. Ukiona kipimo cha pili kimepungua milimita chache, hiyo ni dalili nzuri. Vikilingana kabisa, ama meza ni changa, ama uso ni wa plaiwudi au umebadilishwa. Huku pwani kwenye unyevu tofauti huwa ndogo kuliko ya meza iliyokaa Dodoma au Nairobi, basi usikate tamaa kwa milimita mbili tu.

Misumari na skrubu nazo zina mengi. Skrubu ya kichwa cha msalaba imeingia sokoni miaka ya 1930, hivyo haiwezi kuwa ya asili kwenye meza inayodaiwa kuwa ya enzi za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa 1870 hadi 1888. Skrubu za zamani zaidi, kabla ya katikati ya karne ya 19, hazikuwa na ncha kali. Lakini skrubu mpya peke yake haimaanishi meza mpya, huenda ni matengenezo. Angalia tundu: chuma kikikaa kwenye mbao zetu ngumu karibu na bahari huacha doa jeusi linalosambaa kufuata nyuzi, na doa hilo huchukua miaka. Skrubu mpya ndani ya doa la kale ni ukarabati. Skrubu iliyopakwa kutu kwenye mbao safi ni udanganyifu.

Alama za msumeno vitabu vya Ulaya huzisisitiza sana. Mistari iliyonyooka isiyolingana ni ya msumeno wa mkono, mistari ya upinde ni ya mashine ya duara. Huku kwetu ushahidi huo una nguvu ndogo, kwa kuwa wapasuaji mbao wa mkono waliendelea na kazi karne nzima ya 20 na wengine wapo mpaka leo. Upinde kwenye kitu kinachodaiwa kuwa cha mwaka 1800 unakataa dai hilo. Mistari iliyonyooka haithibitishi kitu.

Droo ivute taratibu. Kwenye viungo vya pembe zake, fundi wa mkono hukata meno yasiyolingana sawasawa, na aghalabu utaona mkwaruzo mwembamba alioweka kwa ncha ya chuma ili kujipimia. Chini ya droo, kingo zinazoteleza zinakuwa zimelika, na reli zilizobeba droo zinakuwa na mfereji. Kama droo imelika na reli hazijalika, droo imetoka meza nyingine. Hilo si kosa la kuacha meza, ni sababu ya kushusha bei.

Kuhusu wadudu kuwa mkali. Matundu madogo ya bungua yenye kingo zilizofifia na vumbi jeusi ndani ni ya zamani na wadudu huenda walishaondoka. Matundu yenye kingo kali na unga mweupe laini unaodondoka ukigonga meza ni ya sasa. Ukishanunua, usiipeleke sebuleni moja kwa moja. Iweke juu ya karatasi nyeusi kwenye veranda au stoo, uiache wiki mbili au tatu, kisha uangalie kama kuna unga umeanguka. Kwenye mninga bungua hupenda ile mbao nyeupe ya nje ya gogo na huacha moyo wake wa kahawia, kwa hiyo fundi aliyetumia moyo mtupu alikujengea meza inayojilinda. Chunguza kama kuna mstari mpana mweupe pembeni mwa mbao; ukiwepo, huko ndiko matatizo yatakakoanzia. Msaji na mvule nazo hustahimili mchwa vizuri. Mbao laini nyepesi iliyopakwa rangi nyeusi na kuitwa mpingo utaijua kwa kuinyanyua: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini.

Kwa shaba, beba sumaku ndogo. Ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa. Na kama meza imepakwa rangi za mafuta za zamani na una watoto wadogo, usiipige msasa nyumbani, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilikuwa na risasi na vumbi lake ni sumu kwao. Mimi meza ya namna hiyo ningeiacha dukani.

Nije kwenye sebule yako. Watu huanza na mtindo. Anza na mkono wa kochi. Pima kutoka sakafuni hadi juu ya mkono huo. Makochi mengi yana sentimita 55 hadi 65. Uso wa meza ulingane na mkono au uwe chini yake kwa sentimita tano hivi, ili anayekaa aweke kikombe bila kuinua bega. Hapa ndipo meza za kale zinapowatatiza wengi. Meza za chai na za taa za zamani zilikuwa za viti vilivyonyooka, na nyingi zinafika sentimita 70 na zaidi. Kando ya kochi la chini la kisasa zinaonekana zimesimama juu ya kichwa cha mtu, na kikombe kikiwa juu ya mkono wa kochi mtoto atakipiga kiwiko. Usimruhusu mtu akuambie "tutakata miguu." Ukikata miguu ya meza ya kale umeua thamani yake na sura yake kwa pamoja. Tafuta iliyo fupi tangu mwanzo: kigoda cha kukunja, sanduku dogo juu ya kitako chake, au stuli za kuingiliana, yaani zinazoingia moja chini ya nyingine.

Kina cha meza kisizidi kina cha kochi, la sivyo itachomoza na kuwakwaza wapitao. Katika mita nne kwa tano, ukishaweka kochi la watu watatu na viti viwili, hakikisha inabaki njia ya sentimita 70 hivi ya kupita mtu mwenye sinia mikononi. Kama njia itakuwa finyu, meza ya duara upande wa mlangoni itawaokoa magoti ya watu wako.

Je, vifanane? Hapana. Jozi ya kale inayofanana kweli ni adimu, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana "jozi" nyingi ni moja ya kale na moja ya mwezi uliopita iliyoigwa. Ukionyeshwa jozi, pindua zote mbili na uzilaze ubavu kwa ubavu. Lakini kutofanana kuna masharti. Urefu uwe karibu sawa, tofauti ya sentimita mbili au tatu haitaonekana. Uzito wa sura nao ukaribiane: kimeza chako cha droo, kama ni cha miguu minne minene, kitakifunika kigoda cha kukunja chenye miguu myembamba hata kama vyote vina sentimita 58. Kwa upande wa pili ningekutafutia kitu chenye mwili, mfano sanduku dogo lenye njumu za shaba au meza ya msaji yenye rafu chini. Rangi ya mbao ikiwa ya familia moja, kahawia inayoelekea wekundu, jicho litaridhika hata kama mmoja ni mninga na mwingine shishamu. Taa juu yake, kama utaweka, ukingo wa chini wa kofia yake uwe usawa wa macho ya aliyekaa, yaani karibu mita moja na kidogo kutoka sakafuni.

Kabla hujatafuta hicho cha pili, kitendee haki cha kwanza. Usimpe fundi wa barabarani akipige randa na vanishi mpya ya kung'aa. Ule uso wenye kina, mweusi kidogo katikati na mwepesi pembeni, umejengwa na mikono na vitambaa vya watu kwa miongo, na hakuna dawa inayourudisha ukishaparurwa. Jaribu kwanza ujue kimepakwa nini: chovya pamba kwenye spiriti, gusa mahali pa kujificha chini ya ukingo. Kikilainika na kunata, ni shelaki, ile rangi ya kung'arisha itokanayo na utomvu wa wadudu, na shelaki hufufuliwa juu kwa juu bila kubanduliwa. Kama spiriti haifanyi kitu, huenda ni vanishi ya baadaye. Hapo safisha tu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kausha, pakaza nta ya nyuki kidogo sana na usugue kwa kitambaa cha pamba. Yale maduara meupe ya vikombe vya moto kwenye shelaki ni unyevu ulionaswa ndani yake, na mengi hupungua kwa nta na subira. Tangu hapo weka visahani chini ya vikombe. Kitambaa cha kufuma ni kizuri kwa macho, lakini hakizuii joto la bilauri ya chai.

Mguu unaocheza usiupigie msumari. Msumari hupasua ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu, na baada ya hapo kiungo hakitengenezeki tena kwa urahisi. Kama ni kazi ya zamani, inawezekana iliunganishwa kwa gundi ya moto itokanayo na ngozi na mifupa, ambayo uzuri wake ni kwamba maji ya uvuguvugu huilainisha. Fundi aitenganishe taratibu, aondoe gundi kuukuu yote mpaka mbao ionekane, akijaribu kiungo kikavu kwanza. Kikiwa kimelegea, abandike utepe mwembamba wa mninga ule ule kwenye ulimi, kisha agundishe na kukaza kwa kamba iliyosokotwa kwa kijiti, aache siku nzima. Kaa naye akifanya.

Kwa kaka yako wa Muscat, njumu anayoipenda, yaani waya au vipande vya shaba vilivyozamishwa kwenye mbao, kwa upande wa India inajulikana sana kazi ya mji wa Mainpuri, kwenye shishamu. Hapo kuna mambo ya sheria, na yaulize kabla hujalipa hata shilingi. Pembe za ndovu usiziguse, hata kama ni kipande cha ukubwa wa ukucha na muuzaji anaapa ni za kale. Biashara yake ya kimataifa imefungwa tangu mwaka 1990 kwa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kukutwa nazo bila kibali ni kosa Tanzania na Kenya. Ukitazama karibu, mfupa una vitone na vistari vyeusi vidogo vidogo, na pembe ya ndovu ikikatwa mkingamo ina mistari inayokatana. Ukiwa na shaka, acha. Shishamu na mpingo vyote vimo kwenye orodha ya CITES tangu 2017, kwa hiyo meza nzito ya mojawapo ya miti hiyo inaweza kuhitaji kibali.

Kisha kuna sheria za mambo ya kale. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na inalinda pia milango na fremu za kuchongwa za kabla ya 1940. Hili la mwisho likumbuke unapoonyeshwa meza iliyoundwa kwa kipande cha mlango. Nchini Kenya, sheria ya 2006 inahesabu kuwa mali ya kale kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na huwezi kukitoa bila leseni. Zanzibar ina taratibu zake; nenda kwenye ofisi ya makumbusho na mambo ya kale ya huko ukiwa na picha za kitu chenyewe pamoja na risiti. Unaona basi kwamba kile muuzaji anachokusifia, miaka mia na hamsini, kikiwa kweli ndicho kitakachokuzuia bandarini. Meza ya miaka ya 1930 ina safari nyepesi zaidi, na kwa macho ya kaka yako itakuwa ya kale vya kutosha.

Kikipata kibali, kifunge kwa blanketi na karatasi, nailoni iwe ya nje kabisa, maana ikigusa mbao itahifadhi jasho njia nzima. Sinia la shaba lifungwe peke yake. Na umwambie kaka asikiweke mbele ya kiyoyozi. Hewa kavu hupunguza mbao, shaba haipungui, na waya za njumu huanza kuinuka ncha moja moja. Zikiinuka azirudishe kwa kidole na gundi kidogo mapema, kabla kitambaa cha vumbi hakijazinasa na kuzing'oa.